Hodi Bila Taarifa

Tarehe 19 Agosti 2008, jijini Beijing, Rashid Ramzi wa Bahrain alishinda fainali ya Olimpiki ya mita 1500 kwa wanaume, na nyuma yake akaingia kijana wa Kenya mwenye umri wa miaka 19, Asbel Kiprop. Mwaka uliofuata sampuli za Beijing zilitolewa kwenye majokofu na kupimwa upya kwa kipimo cha CERA, aina mpya ya EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, ambayo walioitumia waliamini kuwa haionekani. Ramzi akapokonywa medali, dhahabu ikaenda kwa Kiprop. Kwa miaka mingi, kila nilipobishana na watu kuhusu dawa katika riadha, nilimtaja Kiprop kama mfano wa mtu aliyedhulumiwa: hakupigiwa wimbo wa taifa mbele ya uwanja uliojaa, hakuzunguka uwanja na bendera mabegani usiku ule, na ushindi wake ulimfikia baada ya watazamaji kusahau hata nani alikuwa wa tatu.

Kisha, Novemba 2017, wapimaji walikwenda kuchukua mkojo wa Kiprop nje ya mashindano, na maabara ikakuta EPO. Yeye amekana siku zote. Jopo lililosikiliza shauri lake halikukubali utetezi wake, na mwaka 2019 akafungiwa miaka minne. Nilinyamaza katika mabishano kwa muda.

Hata hivyo, jambo lililonisumbua zaidi katika kesi hiyo lilikuwa dogo, na wengi walilipita haraka. Kitengo cha Uadilifu katika Riadha, AIU, kilikiri hadharani kwamba mmoja wa wahusika wa upimaji alikuwa amempa Kiprop taarifa mapema kwamba wanakuja, kinyume kabisa cha kanuni, na Kiprop mwenyewe alisema kuwa alituma pesa kwa mmoja wao. Jopo liliona kwamba taarifa hiyo haikuweza kuingiza EPO ndani ya chupa, na nadhani lilikuwa sahihi. Mimi nilibaki na swali la upande wa pili: ikiwa huyu alijulishwa na bado akapatikana, ni wangapi waliojulishwa na hawakupatikana? Tangu wakati huo nimekuwa nikiamini kwamba kupambana na dawa katika riadha ya kiwango cha juu kunategemea kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni kubisha hodi bila taarifa. Urefu wa adhabu, orodha ya dawa, ubora wa mashine za maabara, vyote hivyo vinafuata nyuma.

Niseme neno kuhusu lugha, kwa sababu nadhani lugha yetu imechangia watu kutoelewa jambo hili. Tumezoea kuziita zote "dawa za kusisimua misuli", na wengine wamefupisha kwa kusema pufya. Jina la kwanza linafaa kwa steroidi kama stanozololi, iliyomvua Ben Johnson dhahabu ya mita 100 mjini Seoul mwaka 1988 baada ya kukimbia kwa sekunde 9.79. Lakini EPO haisisimui msuli wowote. Ni homoni ambayo figo za kila mmoja wetu huitengeneza, na kazi yake ni kuuamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Anayejidunga EPO ya kiwandani anajiongezea wabebaji wa oksijeni, na kwa mkimbiaji wa mbio ndefu hilo lina faida kuliko paja nene. Dawa iliyomfungia Ruth Chepngetich, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, mwaka 2025, hidroklorothiazaidi, ni ya watu wenye shinikizo la damu. Humfanya mtu akojoe sana, na imepigwa marufuku kwa sababu inaweza kufifisha alama za dawa nyingine katika mkojo. Kwa hiyo mtu anayetazama televisheni akitafuta mkimbiaji mwenye mwili wa mnyanyua vyuma ndipo amshuku, anatafuta kitu ambacho hatakiona.

Sasa turudi kwenye hodi. EPO ikidungwa kwa dozi ndogo ndogo, moja kwa moja kwenye mshipa, alama yake katika mkojo inaweza kutoweka ndani ya saa chache, ilhali chembe nyekundu ilizozalisha zinaendelea kumfanyia kazi mwanariadha kwa wiki kadhaa. Mtu aliyejidunga usiku anaweza kuwa salama kesho yake mchana. Hii ndiyo hesabu ambayo mpimaji anashindana nayo, na ndiyo iliyozaa kanuni ya mahali ulipo. Mwanariadha aliyewekwa katika kundi la kupimwa hujaza, katika mfumo wa mtandaoni uitwao ADAMS, mahali atakapolala kila usiku, mahali anapofanyia mazoezi, na dakika 60 za kila siku, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, ambazo ni lazima awepo mahali alipotaja. Anaweza kupimwa saa nyingine pia, lakini akikosekana ndani ya dakika hizo 60, linaandikwa kosa. Makosa matatu ndani ya miezi 12, yakiwa ya kukosekana au ya kutojaza taarifa ipasavyo, yanatosha kumfungia hadi miaka miwili bila tone moja la mkojo kuonekana na chochote.

Wapo wanaoona kanuni hii ni ya kikatili. Fikiria mtu mzima ambaye kila akibadili mawazo ya kulala kwa dada yake ni lazima aingie kwenye simu arekebishe taarifa zake. Ninawaelewa, na bado naona ndiyo kanuni bora zaidi tuliyo nayo. Christian Coleman wa Marekani, bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2019, alikosa kipimo jioni moja ya Desemba mwaka huohuo, akalalamika kuwa wapimaji wangempigia simu angefika, kwani alikuwa karibu tu akinunua vitu. Stakabadhi za manunuzi yake zilionyesha kuwa dakika alizosema angekuwa nyumbani alikuwa bado madukani. Alifungiwa miaka miwili, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikapunguza hadi miezi 18, na akaikosa Olimpiki ya Tokyo. Lile dai la simu ndilo linalonivutia. Mpimaji akikupigia simu, una nusu saa ya kufanya lolote: kunywa lita mbili za maji, kumwita daktari wako, au kusubiri tu. Simu ingeharibu kila kitu, na kanuni inajua hivyo, ndiyo maana haimlazimishi mpimaji kupiga.

Wilson Kipsang, aliyewahi kushika rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2:03:23, alikwenda mbali zaidi. Katika kueleza kwa nini alikosa mojawapo ya vipimo, alitoa picha ya ajali ya barabarani iliyokuwa imefunga njia. Wachunguzi waligundua kuwa ajali iliyoonekana pichani ilikuwa imetokea miezi kadhaa baada ya siku ya kipimo. Alifungiwa miaka minne, na sehemu ya adhabu hiyo ilitokana na picha.

Nimewahi kuiona kazi hii kwa karibu. Miaka kadhaa iliyopita nilijitolea kuwa msindikizaji katika chumba cha upimaji cha mashindano fulani. Msindikizaji hamfahamu mwanariadha wala hahitaji kumfahamu: unapewa namba ya kifuani, unamsubiri avuke mstari, unamwonyesha kitambulisho, anatia saini kwamba amearifiwa, na kuanzia hapo humwondolei macho hadi atoe sampuli. Wangu alikuwa amekimbia mita 10,000, mizunguko 25, katika joto lililowaangusha wawili kabla ya mwisho. Aliruhusiwa kuhojiwa na waandishi, akaruhusiwa kunyoosha viungo, mimi nikiwa hatua tatu nyuma yake kama kivuli. Kisha tukaingia kwenye chumba chenye viti vya plastiki na friji iliyojaa vinywaji ambavyo havijafunguliwa, na pale tukakaa kwa karibu saa mbili, kwa sababu mwili wake haukuwa na tone la kutoa.

Alipodhani yuko tayari, aliingia chooni na ofisa wa jinsia yake, ambaye kazi yake ni kushuhudia mkojo ukitoka mwilini na kuingia kwenye kikombe, si kusimama nje ya mlango. Akatoka na kiasi kisichofikia mililita 90 zinazohitajika. Kile kidogo kikafungwa kwa lakiri, naye akarudi kwenye kiti na chupa nyingine ya maji. Mara ya pili ilitosha. Akachagua mwenyewe sanduku moja kati ya kadhaa, akahakiki kwamba namba za kwenye chupa mbili zinalingana na za kwenye sanduku, akamimina kwa mkono wake mwenyewe, kwanza chupa ya B, kisha ya A, akabakiza kidogo kikombeni kwa ajili ya kupima uzito wa mkojo. Vifuniko vya chupa hizo vina meno yanayokwenda upande mmoja tu. Unavisikia vikilia ta-ta-ta vinapofungwa, na baada ya hapo havifunguki tena bila kuvunjwa. Chupa zikapinduliwa kuona kama zinavuja. Kwenye fomu akaandika dawa alizotumia siku saba zilizopita, ambazo zilikuwa ni za maumivu tu, akapewa nakala yake. Nakala inayokwenda maabara haina jina, ina namba.

Nilitoka pale nikiwa na heshima kubwa kwa utaratibu huo na mashaka makubwa kuhusu matokeo yake. Kila mtu aliyekuwa uwanjani siku ile alijua, miezi mingi kabla, kwamba washindi watapimwa. Watu wa kazi hii husema kwa utani kwamba kipimo cha siku ya mashindano hupima akili kuliko mkojo. Mwaka 2011, katika Mashindano ya Dunia mjini Daegu, watafiti waliwauliza wanariadha, kwa njia iliyoficha kabisa nani amejibu nini, kama walikuwa wametumia dawa zilizokatazwa katika miezi 12 iliyotangulia. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2017, makadirio yalikuwa asilimia 43.6. Vipimo vya mkojo vya mashindano yale vilinasa nusu ya asilimia moja. Njia ya utafiti inaweza kubishaniwa, na imebishaniwa. Hata ukigawa makadirio yale kwa nne, pengo linabaki kubwa kiasi cha kumfanya mtu anyamaze.

Historia inasema jambo hilohilo kwa njia nyingine. Marion Jones, mkimbiaji wa Marekani, alitoka Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na medali tano, na katika miaka yote ya kupimwa kwake hakuna kipimo kilichowahi kumtia hatiani. Kilichomwangusha kilianzia kwenye bomba la sindano. Mwaka 2003 kocha Trevor Graham alituma kwa wakala wa Marekani wa kupambana na dawa bomba lililokuwa na mabaki ya kimiminika, na Don Catlin na wenzake katika maabara ya chuo kikuu cha UCLA wakagundua kuwa ni steroidi mpya, THG, iliyobuniwa makusudi ili vipimo vilivyokuwapo visiione. Walipotengeneza kipimo chake na kurudi kwenye sampuli zilizohifadhiwa, majina yakaanza kudondoka, Dwain Chambers wa Uingereza akiwa miongoni mwa ya kwanza. Jones alikiri mwaka 2007, akarudisha medali, na mwaka 2008 akaenda jela miezi sita kwa kuwadanganya wachunguzi wa serikali. Bila kocha mmoja mwenye sababu zake, ambazo hatuna haja ya kuzitukuza, kwani yeye mwenyewe alikuja kufungiwa maisha, maabara zingeendelea kuandika "hakuna kilichoonekana".

Tangu 2009 kuna pasipoti ya kibaiolojia, ambayo kwangu ni uvumbuzi wenye busara kuliko mingi. Badala ya kuitafuta dawa, inautazama mwili wenyewe kwa muda mrefu: himoglobini ya mtu huyu ilikuwa kiasi gani mwaka jana, chembe changa za damu zilikuwa asilimia ngapi mwezi uliopita, na je, mabadiliko hayo yanaweza kuelezwa na mazoezi ya milimani, ugonjwa au kupoteza damu? Wataalamu watatu huisoma bila kujua jina la mwenyewe. Lakini hata pasipoti inahitaji hodi isiyotarajiwa, kwa sababu mtu akijua siku ya kutolewa damu anaweza kuiweka sawa kwa maji ya chumvi kwenye mshipa, na grafu ikaonekana tulivu kama bahari isiyo na upepo.

Kuhusu kufungiwa, maoni yangu yamebadilika mara mbili. Zamani nilikuwa katika kundi la wanaosema afungiwe maisha, mara ya kwanza, basi. Justin Gatlin, mkimbiaji wa mbio fupi wa Marekani, alinirudisha huko kila nilipotaka kulegea: alifungiwa mara ya kwanza mwaka 2001 kwa amfetamini iliyotokana na dawa aliyoandikiwa tangu utotoni, akafungiwa tena mwaka 2006 kwa testosteroni, miaka minane iliyopunguzwa ikawa minne, na mwaka 2017 mjini London akamshinda Usain Bolt katika fainali ya mwisho ya mita 100 ya Bolt, uwanja mzima ukizomea. Nilizomea pia, mbele ya televisheni, peke yangu.

Hata hivyo, kufungiwa maisha kwa kosa la kwanza kuna matatizo mawili ambayo wapenzi wa riadha hatupendi kuyatazama. La kwanza ni la kisheria. Shirikisho la kimataifa liliwahi kuweka miaka minne katika miaka ya 1990, na mwaka 1997 likalazimika kushuka hadi miwili, kwa sababu mahakama za baadhi ya nchi hazikukubali mtu anyimwe riziki yake kwa muda huo. Minne ilirudi mwaka 2015 tu, katika toleo jipya la kanuni za dunia zinazosimamiwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni. Tatizo la pili ni la kiutendaji: anayejua kwamba amekwisha hana sababu ya kusema lolote. Liliya Shobukhova wa Urusi, aliyewahi kutangazwa mshindi wa marathoni ya Chicago mara tatu, alipunguziwa miezi saba ya adhabu kwa sababu alisema, na alichosema kilikuwa na uzito kuliko vipimo vya mwaka mzima: kwamba alikuwa amelipa takriban euro 450,000 ili pasipoti yake ya damu isishughulikiwe. Fedha hizo zilielekea kwa watu waliokuwa na kazi ya kumkamata. Lamine Diack, rais wa shirikisho la dunia kuanzia 1999 hadi 2015, alihukumiwa mjini Paris mwaka 2020 kifungo cha miaka minne, miwili kati yake ikiahirishwa, kwa rushwa iliyohusiana na kuficha kesi za Warusi. Mkuu wa kitengo cha kupambana na dawa cha shirikisho hilohilo alihukumiwa pamoja naye.

Ukiitafakari kesi hiyo utaona kuwa ni hodi ileile iliyouzwa, safari hii kwa bei ya jumla. Kiprop alipata taarifa siku moja kabla. Warusi walipata miaka. Ndiyo maana naona uamuzi wa kuunda AIU mwaka 2017, chombo kinachofanya kazi bila kuwajibika kwa wakuu wa shirikisho katika kesi zake, ulikuwa na faida kuliko kuongeza mwaka wowote kwenye adhabu.

Kwa hiyo sasa nasimama hapa: adhabu ya kawaida ya miaka minne inatosha, mradi iwe rahisi kuiongeza kwa anayedanganya na kuipunguza kwa anayekiri mapema. Titus Ekiru, mkimbiaji wa marathoni, alipata miaka kumi mwaka 2023, kwa sababu mbali na dawa alipeleka nyaraka za hospitali zilizoghushiwa ili kueleza dawa hizo zilivyoingia mwilini. Chepngetich alipunguziwa mwaka mmoja, akabaki na mitatu, kwa kukiri na kukubali adhabu, ingawa njiani maelezo yake yalibadilika: kwanza hakujua dawa ilitoka wapi, kisha ikawa ni ya mfanyakazi wake wa nyumbani, aliyoimeza bila kuhakikisha. Sampuli yake ya Machi 2025 ilikuwa na nanogramu 3,800 kwa mililita, ambapo maabara hutakiwa kutoa taarifa kuanzia 20. Rekodi yake ya Chicago ya 2024, saa 2:09:56, imebaki kwa kuwa ilitangulia sampuli hiyo. Mnaweza kukasirika, lakini sioni namna nyingine ya kutenda haki: sampuli inashuhudia siku yake na zinazofuata, haishuhudii Oktoba iliyopita.

Adhabu pia huwapiga wasiohusika, na hapa sina jibu. Mwaka 2017 Jamaika ilipoteza dhahabu ya kupokezana vijiti ya Beijing kwa sababu sampuli ya Nesta Carter ilipimwa upya, na Bolt akabaki na dhahabu nane za Olimpiki badala ya tisa. Uingereza ilipoteza fedha ya Tokyo kwa sababu ya CJ Ujah, aliyesema kuwa dawa ilitoka kwenye virutubisho, na waliomfungia wakakubali kuwa hakukusudia. Samaki mmoja huwaozesha wote, tunasema, lakini katika kupokezana vijiti wale watatu hawana pua ya kumnusa wa nne.

Wako na waliofungiwa bure. Jarrion Lawson, mrukaji wa Marekani, alifungiwa miaka minne kwa trenboloni, steroidi inayotumika kunenepesha ng'ombe, na alikuwa amekaa nje miezi 19 CAS ilipokubali mwaka 2020 kwamba huenda ilitoka kwenye nyama aliyokula. Peter Bol, mkimbiaji wa mita 800 wa Australia, alitangazwa mwanzoni mwa 2023 kuwa na EPO kwenye chupa ya A. Chupa ya B haikuthibitisha, na uchunguzi ukafungwa bila hatia miezi kadhaa baadaye. Sheria inasema mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua, na ni yeye anayepaswa kueleza kilivyoingia. Naikubali sheria hiyo kwa shingo upande, kwani bila hiyo kila mtu angekuwa na mfanyakazi wa nyumbani. Nisichokikubali ni jina kutangazwa kabla ya chupa ya B kufunguliwa. Siku nilipokuwa msindikizaji niliona jinsi chupa hiyo inavyojazwa ya kwanza, kabla hata ya A, na sioni kwa nini dunia ishindwe kuisubiri.

Kanuni moja ninayoipenda haina sifa, na wengi waliisikia mara ya kwanza kwa ubaya. Nchi zilizo katika kundi la hatari kubwa hutakiwa kuhakikisha kila mwanariadha wa timu yao amepimwa angalau mara tatu bila taarifa, nje ya mashindano, katika miezi kumi kabla ya Olimpiki au Mashindano ya Dunia, kukiwa na nafasi ya wiki tatu kati ya kipimo na kipimo. Asiyetimiza hashindani. Mwaka 2021 wanariadha kumi wa Nigeria waliokuwa wamekwishafuzu waliondolewa Tokyo kwa sababu hiyo, na baadhi yao wakaandamana na mabango ndani ya kijiji cha Olimpiki. Katika siku hizohizo, Blessing Okagbare wa timu hiyohiyo alisimamishwa kabla ya nusu fainali ya mita 100, kwa homoni ya ukuaji iliyoonekana katika sampuli aliyotoa Slovakia tarehe 19 Julai, nje ya mashindano. Mwaka uliofuata akafungiwa miaka kumi. Okagbare alibishiwa hodi siku iliyofaa. Wale kumi hawakuwa wamekutwa na kitu chochote; hakuna aliyekuwa amewabishia hodi mara tatu.